Kengele ya Jioni ya Eldney

Jumamosi, Novemba 11, 1911. Mtakatifu Martino.

Nimeanza tena. Mapigo arobaini jua likizama, na viganja vimechubuka siku ya kwanza tu. Baba alikaa dirishani akihesabu. Niliporudi, badala ya kuniuliza kama nimelowa, akasema, "Pigo la ishirini na sita lilikuwa legevu." Pole hakuna.

Daftari hili alinipa kasisi nimnakilie majina ya mawe ya makaburini kabla ukungu haujayala. Majina yaliisha katika kurasa tatu, nusu yake Hembrow, ukoo wetu. Zilizobaki nimejigawia mwenyewe.

Jumanne, Novemba 14.

Mvua.

Jumatano, Novemba 15.

Mvua. Nguruwe tumempandisha juu.

Jumatatu, Novemba 20.

Njia imezama leo asubuhi. Bi Keziah Boobyer, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisimama mwisho wa barabara na ufagio akiyasukuma maji kama mtu anayefukuza bata. "Mwaka huu yamewahi, mashetani haya," akasema, kisha akarudi kukamua. Basi. Nyumba nane na kanisa juu ya kilima chetu, kichuguu tu katikati ya maji, na hatutoki tena kwa miguu mpaka Februari. Kutoka ni kwa mashua ya Eli Coate, akipenda, na upepo ukipenda.

Mambo ya kengele nilifundishwa kabla sijajua Baba Yetu. Miaka mia nane iliyopita watawa watatu walizama kwenye ukungu hapo chini, kwa sababu mvushaji wao, Hembrow mmoja, alikuwa nyumbani amelewa chakari. Mkuu wa watawa akatoa hukumu. Kuanzia Mtakatifu Martino mpaka Sikukuu ya Mishumaa, mtu wa damu ya mlevi yule apige kengele kila jua linapozama ili msafiri asipotee, na watu wa Eldney wapewe Malisho Marefu kwa ng'ombe wao milele. Jioni moja ikipita kimya, malisho yanarudi kwa mwenyewe.

Watawa hawapo tena, mawe ya nyumba yao ndiyo banda la nguruwe wetu. Malisho sasa yangerudi kwa Jumba Kuu, ng'ambo ya maji, ambako msimamizi, Bwana Pargeter, husemwa anafungua dirisha kila jioni na kutega sikio. Kaka yangu Amos alikufa vitani Afrika Kusini. Baba kiharusi kimemla mkono wa kulia, huu mwaka wa tatu. Waliobaki katika damu ya mlevi ni mimi peke yangu, Thirza, miaka thelathini na minane, na pombe yenyewe sinywi.

Jumatatu, Novemba 27.

Eli kaleta barua. Nimeisoma mara sita, mara mbili chooni, maana humu ndani hakuna pengine pa kujifungia.

Wanataka nikafundishe kusuka vikapu katika shule ya vipofu, Exeter! Mwezi wa nane waliona kazi yangu kwenye maonyesho ya Taunton, wakauliza jina. Chumba changu mwenyewe. Wanafunzi kumi na mmoja. Nifike kabla Januari 20 haijaisha, vinginevyo nafasi atapewa mwingine.

Sikukuu ya Mishumaa ni Februari 2. Siku kumi na tatu! Ningekuwa mtu wa kutukana ningejaza ukurasa huu.

Ijumaa, Desemba 1.

Nimemwambia Baba wakati anakula. Alitafuna mpaka akamaliza samaki wake wa mkunga, akafuta mdomo.

"Nani atapiga?"

"Ndicho nauliza, Baba."

"Unaniuliza mimi? Kamuulize mkuu wa watawa."

"Alikufa."

"Basi hakuna wa kubadilisha maneno yake," akasema, na akaniomba jibini.

Jumapili, Desemba 3.

Nimemwendea Bi Keziah. Yeye ni mjane, na kila mtu hapa anajua anavyomwangalia Baba, ila Baba mwenyewe. Suala la kumtunza halikumpa shida hata kidogo.

"Nitamlisha, nitamnyoa, akinitukana nitamrudishia na nyongeza. Wewe nenda zako, mwanangu, umezeeka bure hapa."

"Na kengele?"

Akaacha kukoroga chungu. "Kengele! Mkono wangu ni wa Boobyer, Thirza. Nikishika kamba ile tu, ng'ombe wangu watatu hawana majani kiangazi kijacho. Na wa Eli. Na wa wote. Unataka hivyo?"

Sitaki hivyo. Ningeweza kutaka hivyo, ningeshaondoka zamani.

Jumamosi, Desemba 9.

Nimewaandikia Exeter nikiomba siku kumi na tatu. Sikutaja kengele, wangedhani nina wazimu. Nimesema "wajibu wa kifamilia."

Jumanne, Desemba 12.

Mvua. Arobaini.

Jumatano, Desemba 13.

Mvua. Arobaini. Baba: thelathini na tisa. Tumebishana mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, Desemba 18.

Wamekataa. Kwa adabu, lakini wamekataa. Kuna mwanamke wa Bridgwater anayeweza kuanza siku yoyote. Nimemchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote, na jina lake sijui.

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili Walter Keirle alinichumbia. Alikuwa na kazi ya reli huko Swindon. Amos alikuwa ameshaingia jeshini, na Baba mzima wa afya, mikono yote miwili, lakini alinikalisha jikoni akasema mgongo wake hauhimili tena ngazi za mnara, na mimi nikiolewa mbali malisho yatakwenda. Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata mama alipozikwa, wakati huo nina miaka tisa. Nikamwandikia Walter kwamba siwezi. Ana watoto watano sasa. Sikuwahi kumlaumu Baba kwa hilo, nilimlaumu mlevi.

Leo jioni nilipiga kengele kwa hasira mpaka popo wakatoka.

Jumatatu, Desemba 25.

Krismasi. Kasisi hakuweza kuvuka, upepo mkali. Eli katusomea Injili kwa sauti ya kuita ng'ombe. Bi Keziah kamletea Baba soksi. Baba akauliza za nani.

Jumamosi, Desemba 30.

Maji yamefika kwenye lango la kanisa. Nimesuka vikapu sita wiki hii na hakuna wa kumpelekea. Sura ni zilezile za nyumba nane, na maneno ni yaleyale. Kila jioni Eli akinipita ananiambia, "Umeipiga vizuri leo, Thirza," kama mtu anayempapasa farasi. Nimeanza kuichukia sauti yake, naye hajanikosea lolote.

Jumanne, Januari 2, 1912.

Siku kumi na nane zimebaki. Nimeficha barua ya Exeter chini ya godoro, kana kwamba kuna mtu angeiiba.

Jumamosi, Januari 6.

Nimeyapoteza malisho. Lazima niandike, maana kesho watu wakiniuliza nataka niwe nimeshasema kweli mahali fulani.

Ukungu ulishuka tangu mchana. Kama saa tisa u nusu nilikuwa navaa koti niende kanisani, nikasikia kishindo stoo. Baba alikuwa amekwenda kujichotea pombe yake ya tufaha, kitu nilichomkataza mara mia, akateleza kwenye ngazi za mawe. Nilimkuta chini, paji la uso limepasuka na damu imemjaa macho. Nilipiga magoti nikamkandamiza na aproni. Akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. Mkono ule una nguvu za watu wawili tangu mwenzake afe.

"Baba, niache nimwite Bi Keziah."

"Kaa."

Niliita kwa sauti yangu yote. Bi Keziah alikuwa zizini nyuma, hakusikia. Dirisha la stoo ni dogo, na niliona mwanga ukiondoka kidogo kidogo.

"Baba, kengele."

"Kaa hapo, nakufa."

"Hufi, jeraha tu. Baba, jua linazama!"

"Kaa, Thirza. Usiniache."

Mtu huyu kila siku ya maisha yangu amenifukuza nyumbani saa kumi kasorobo. Wakati nina homa ya mapafu alinitoa kitandani. Leo amenishika kama mtoto, na sikuweza kumbandua. Ningeweza, labda. Ningemuuma. Sikufanya hivyo. Nilikaa kwenye sakafu ya mawe nikimwambia nyamaza, nyamaza, na alipolegeza vidole nje kulikuwa giza.

Nilikimbia. Nilisimama mnarani na kamba mkononi. Sheria inasema kabla mwanga wa magharibi haujafa. Kupiga gizani ni sawa na kutangaza kwa Bwana Pargeter kwamba nimechelewa. Nikaiachia kamba.

Miaka mia nane. Walipita wenye tauni, wenye njaa, wenye vita, wote walipiga. Nimekuja kuikata mimi. Ng'ombe watatu wa Bi Keziah. Ng'ombe wa Eli. Akina Lockyer wenye watoto wadogo. Wote wataamka kesho hawana majani, na sababu ni mimi. Nimemfunga Baba kitambaa, amelala. Nimejifungia jikoni nalia kama mtu aliyefiwa.

Jumapili, Januari 7.

Sielewi chochote.

Nilikwenda kwa Bi Keziah asubuhi kuungama kwake kwanza. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mbona macho yamevimba? Jana umeipiga taratibu kweli, nikajisemea, huyu Thirza kachoka."

"Bi Keziah, jana sikupiga."

"Usiongee upuuzi. Nimeisikia nakamua."

"Nilikuwa stoo, Baba kaanguka. Tazama, damu yake hii kwenye mkono wa shati."

"Pole yake! Basi ulikwenda ukarudi, hukumbuki. Ni mshtuko huo, mwanangu. Mume wangu alipokufa nilipika uji mara mbili."

Nikamfuata Eli kwenye mashua. Eli alivua kofia. "Nilikuwa majini jana kwenye ukungu ule, sioni hata pua yangu. Kengele yako ndiyo iliyonileta nyumbani. Asante, Thirza."

"Eli, haikulia."

Alinitazama kwa huruma, akaniambia nikapumzike.

Nimezunguka nyumba zote. Wote wameisikia. Mama Lockyer hata kahesabu, arobaini kamili. Kufika mchana nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe, labda kweli nilikwenda na akili imeruka. Nikamuuliza Baba, bandeji kichwani, "Jana kengele ililia?"

Aligeuza uso. Aliangalia moto.

Hapo ndipo nilipojua kichwa changu ni kizima.

Jumatatu, Januari 8.

Siwezi kula majani ya wizi, hata kama wanaoyala ni ng'ombe. Nimemlazimisha Eli anivushe mpaka Jumba Kuu. Nilimwambia napeleka vikapu.

Bwana Pargeter ni mtu mnene mwenye mafua. Ofisini kwake kuna moto, mbwa, na dirisha lililofungwa kwa misumari na kuzibwa kwa magazeti. Nilisimama nikasema yote kwa pumzi moja. Jumamosi haikulia. Kosa ni langu, si lao. Kama kuna adhabu, iniangukie mimi.

Alipiga chafya. "Bi Hembrow, umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi kaa." Akafungua kitabu kikubwa, akageuza kwangu. Jumamosi Januari 6, imeandikwa imelia. Jumapili Januari 7, imelia. Jumatatu, leo, saa tano asubuhi, imelia. Jumanne, kesho. Jumatano. Mpaka Jumapili ijayo, imelia, imelia, imelia.

"Huandika wiki nzima Jumatatu kabla ya chai," akasema. "Marehemu baba yangu alifanya hivyo, na aliyemtangulia."

"Lakini unasikiliza. Tangu utoto wangu tunaambiwa mnafungua dirisha."

"Dirisha hili? Bi Hembrow, nipo hapa mwaka wa ishirini na tano na sijaisikia kengele yenu hata mara moja. Haifiki. Ni maili tatu na upepo."

"Na malisho?"

"Jamani, malisho! Nikiandika haikulia, itabidi niwaandikie mawakili London, waje hapa na buti zao, wasome Kilatini, na mwisho nipate majani yaliyolala chini ya maji nusu ya mwaka. Nani anayataka? Kaeni nayo." Akanimiminia chai. Nikainywa.

Njiani kurudi Eli aliuliza kama vikapu vimependwa. Nikamwambia vimependwa sana.

Jumanne, Januari 9.

Sikulala. Asubuhi nimemnyoa Baba, na nikiwa na wembe kwenye shavu lake nikamuuliza. Labda si wakati mwema kwa swali kama lile, lakini angalau hakutikisika.

"Jumamosi ulinishika makusudi mpaka jua likazama. Ulijua kengele haina maana."

Akainua kidevu nifikie shingo.

"Tangu lini, Baba?"

"Futa povu kwanza."

Nikafuta.

"Usiku uleule aliokufa mama yako," akasema. "Alianza kukata roho mchana. Alinishika hivyo hivyo. Sikwenda. Kesho yake nilitoka nikiwa tayari kupigwa mawe, na babake Eli akanipa mkono, akasema, pole Jabez, na hata katika msiba umeipiga, sisi tulisikia. Wote walisikia. Nikangoja barua kutoka Jumba Kuu. Mpaka leo."

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Ndiyo."

"Walter aliponichumbia nilikuwa na ishirini na miwili. Ulijua miaka kumi na mitatu."

"Ndiyo."

"Ulilia hapa jikoni!"

"Nililia kweli. Amos alikuwa keshakwenda. Niliogopa kubaki peke yangu na ndoo na kitanda. Ningekuambia nini? Kaa kwa sababu naogopa? Usingekaa. Kwa ajili ya kengele ulikaa."

Nilimaliza shavu la pili. Sijui nilivyomaliza. Kisha nilitoka uani nikapiga mateke ukuta wa banda la nguruwe, mawe ya watawa, mpaka nikaumia kidole. Nina hasira na Baba ambayo haitakwisha, naandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba ilikwisha. Na nina hasira na mimi mwenyewe, maana alisema kweli, angeniambia anaogopa ningekwenda.

Jioni sikupiga.

Jumatano, Januari 10.

Sikupiga. Bi Keziah: "Jana upepo uliibeba vizuri."

Alhamisi, Januari 11.

Sikupiga. Mama Lockyer anauliza mbona siku hizi napiga mapema.

Jumamosi, Januari 13.

Nimewaambia Exeter nakuja. Sikuomba ruhusa ya mtu yeyote.

Jumapili, Januari 14.

Baada ya ibada nilisimama mbele ya wote, kasisi akiwepo, nikasema naondoka Alhamisi, na kwamba tangu Jumanne sijagusa kamba. Nilitaka waseme kitu. Wanikasirikie, hata. Waliniangalia kwa upole. Kasisi akasema safari njema. Bi Keziah akanishika mkono, "Utatukumbuka ukiwa huko, mwanangu," kisha wakaanza kuzungumzia maji, kwamba yamepungua kiganja kimoja.

Jumanne, Januari 16.

Bi Keziah kahamishia kiti chake jikoni kwetu. Baba kamuuliza atakaa mpaka lini. "Mpaka ufe," akamjibu. Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiharusi.

Alhamisi, Januari 18. Naandika stesheni, treni imechelewa.

Upepo ulituzuia mpaka alasiri. Nilimnyoa Baba mara ya mwisho. Hakuomba radhi na sikumwomba aombe. Alisema, "Kuna baridi Exeter," nikasema hakuna kama hapa. Nikachukua sanduku na mzigo wangu wa fito za kusukia.

Eli alipiga makasia. Eldney ilibaki nyuma, kichuguu na mnara, kisha mnara peke yake. Nilikuwa nimekaa mbele yake, magoti yetu karibu kugusana, mikono yangu yote miwili juu ya sanduku, anaiona. Jua likagusa maji.

Eli akaacha makasia. Akavua kofia. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye makasia, na bata mahali fulani, na basi. Alikaa hivyo muda wa mapigo arobaini, midomo inacheza, uso wake umetulia kabisa.

"Imelia vizuri leo," akasema akivaa kofia.

"Nani kaipiga, Eli?"

Akanitazama usoni, kwa mapenzi, kama anayemjibu mtoto.

"Wewe, Thirza. Nani mwingine?"

Nikamnyang'anya kasia moja, nikavuta kuelekea ng'ambo.